Mtoto katoka kwenye ugonjwa mzito na ana ombi lake moja: jinsi ya kulitimiza bila kuliharibu

Kila nikikaa na watu lazima mmoja aniulize, nyie mnafanyaje mpaka mtoto anapata kile alichokitaka, mnaanzia wapi, hela mnatoa wapi, hospitali wanakubali kweli? Nimechoka kurudia, naandika mara moja, mtu akiuliza namtumia.

Mimi si daktari na sina taasisi. Mtoto wa dada yangu alilazwa wodi ya watoto wenye kansa miezi minane, mimi ndo nilikuwa wa kupeleka uji asubuhi na kupokezana zamu na mama yake, na kwenye yale mabenchi ya korido nikajua mambo mengi ambayo nje huyajui. Yeye sasa hivi yuko darasa la nne anasumbua mtaa mzima. Mimi nikabaki na wenzangu watano, tumeshatimiza maombi kama kumi na moja hivi. Mbili tulizivuruga wenyewe na nitazisema.

Nikisema ombi simaanishi soda na biskuti. Namaanisha kile kitu kimoja ambacho mtoto anakiwaza usiku dripu ikidondoka tone tone na taa za wodi hazizimwi. Na naongelea watoto wanaopona: waliomaliza kemo, zile dawa kali za kansa, au wako katikati ya mizunguko yake, waliofanyiwa upasuaji wa moyo, wa selimundu (sikoseli) waliotoka kulazwa muda mrefu. Wengi hapa Dar wametoka mbali, mtoto kaletwa Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kutoka Kigoma huko au Singida, mama hajaona nyumbani kwake miezi. Lakini mwongozo ni ule ule hata kama uko Bugando Mwanza au KCMC Moshi.

1. Ongea na mama kwanza, mtoto baadae

Kosa la watu wenye roho nzuri ni kuingia na mfuko wa zawadi moja kwa moja mpaka kitandani, "eti mkubwa, unataka nini nikuletee?" na mama kakaa pembeni anaangalia chini. Ukishamuuliza mtoto umeshafungua mlango, na kama mama anajua hilo jambo haliwezekani basi yeye ndo atalala nalo, wewe utakuwa ushapanda daladala yako. Mwite pembeni, msalimie vizuri, mwambie wewe ni nani na umetokea wapi, eleza wazo lako halafu nyamaza. Mpe nafasi ya kukukatalia.

Mara nyingi atakwambia dada ngoja nimpigie baba yake. Subiri. Baba yuko kijijini na watoto waliobaki, ndiye anayeuza mahindi hela itumwe huku, na hapendi kusikia habari za mwanae kwa watu baki. Sisi kuna mmoja tulimruka, tukaona mama amekubali inatosha, jioni yake akapiga simu, hakugomba hata, alisema tu "mwanangu mnampeleka wapi na mimi sijui?" Nikakosa la kujibu.

Ukitoka kwa mama nenda kwa daktari anayemtibu, sista wa wodi, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, hospitali zote kubwa wanaye. Huyu wa ustawi usimpuuze, ndiye anayejua nani analea mtoto kihalali, nani ana deni la matibabu, nyumba gani ina ugomvi. Usipitie uchochoroni kwa sababu eti unamfahamu mlinzi.

2. Muulize mtoto, ila sio siku moja

Watoto wetu wamefundishwa mgeni haombwi kitu. Ukimuuliza unataka nini atasema "chochote" au "sijui" au atamwangalia mama yake usoni asome jibu. Au atataja alichopewa mwenzake wa kitanda cha pili. Kwa hiyo nenda mara tatu, siku tofauti, na siku ya kwanza usiulize kabisa, chezeni karata, chezeni ludo, akushinde.

Swali langu mimi huwa ni hili: siku ukiamka umepona kabisa, asubuhi ile ile unaanza na nini? Mdogo asiyeweza kueleza mpe karatasi na rangi achore, halafu muulize huyu ni nani, hapa ni wapi, usimkisie.

Kulikuwa na binti wa miaka 10 kutoka Nzega. Siku ya kwanza alisema anataka simu. Siku ya pili simu. Siku ya tatu nikamuuliza simu utafanyia nini, akasema nitapiga picha. Picha ya nini? Akashika kichwa chake, hakina hata unywele mmoja, akasema kwa sauti ndogo "nikisukwa". Yaani alichokuwa anataka ni kusukwa twende kilioni, zile za kwenda nyuma zimenyooka, kama dada yake. Shule yao wasichana wananyoa wote kwa hiyo hajawahi kusukwa maisha yake yote, na sasa hata za kunyoa hana. Tungenunua simu siku ya kwanza tungejipongeza na tusingejua kitu.

Hilo ombi lilitaka kusubiri. Kemo ikishaisha nywele zinaanza kurudi taratibu, na mpaka zifike za kushikika kwa vidole ni miezi. Tukamwambia wazi: hili tunalifanya, ila nywele zako ndo zitatupa tarehe. Akawa kila nikienda ananiinamishia kichwa nikague.

Jihadhari na ombi la mtu mzima lililovalishwa mtoto. "Anataka kuwa daktari awasaidie wenzake" hiyo ni sentensi ya mama mbele ya wageni. Na sisi wenyewe tulishafanya hivyo, hii ndo ya kwanza tuliyoivuruga: mtoto wa miaka 4, tukaona afurahi, tukamletea mtu kavaa lile lisanamu kubwa la mnyama lenye manyoya. Mtoto ambaye kila anayemsogelea kavaa nguo za ajabu anamchoma sindano, unamletea kitu hicho! Alilia mpaka kanula, ile ya dripu mkononi, ikachomoka. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, sisi ndo tulitaka.

3. Maswali ya kumuuliza daktari

Usimuulize "je anaruhusiwa kutoka?" ni swali la ndio na hapana na akiwa na haraka atasema hapana. Mweleze mpango wenyewe, wapi, masaa mangapi, watu wangapi, usafiri gani, afu uliza haya.

Damu yake ikoje na itakuwaje siku hiyo. Kemo huwa inashusha chembe nyeupe, na mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, hapo mtoto hana kinga, anaweza kuonekana mchangamfu kabisa na bado ikawa siku mbaya kuliko zote kumpeleka kwenye watu. Ndo maana tarehe huichagui wewe kwa sababu ni Jumamosi au ni bethidei, tarehe inachaguliwa na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Sisi tunaweka tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba, na kipimo kinachukuliwa siku moja au mbili kabla. Uliza na chembe sahani pia, zile za kugandisha damu, zikiwa chini kuanguka kidogo tu ni damu, kwa hiyo baiskeli na mambo ya kuruka ruka hapana.

Anakula nini. Mtoto aliye kwenye kemo chakula chake kiwe kimeiva na cha moto, matunda ya kumenya mwenyewe kama ndizi na chungwa, maji ya chupa. Kachumbari, saladi, juisi za barabarani, nyama ya nusu nusu, achana navyo. Halafu kuna watoto walio kwenye predinisoloni, hiyo dawa inaleta njaa ya ajabu, mtoto anaamka saa nane usiku anataka chipsi mayai na analia kweli kweli. Ukikuta ombi la mtoto ni chipsi mayai usicheke, kapikie jikoni kwako, yai liive, mpelekee ya moto, umeshamaliza kazi yako kwa elfu tano.

Kama ni wa moyo, maswali yanabadilika. Aliyepasuliwa kifua mfupa wa katikati unahitaji kama wiki 6 mpaka 8 kuunga, kwa hiyo hakuna kubeba vitu vizito na usimnyanyue kwa kumshika makwapani, watu wakifurahi ndo kitu cha kwanza wanachofanya. Wa selimundu adui yake ni baridi na kukaukiwa maji, kuogelea maji ya baridi kunaweza kumrudisha wodini siku hiyo hiyo, kwa hiyo maji ya kunywa kila saa na sweta hata kama wewe unatoka jasho.

Na la mwisho: dalili gani nikiiona narudi bila kujadili. Kwa wa kemo homa ya 38 ni dharura. Sio ya kumpa panadol kwanza muone itakuwaje, panadol inaificha homa tu, mnageuza gari mnarudi. Namba ya wodi iwe kwenye simu za watu wawili, sio mmoja.

4. Kitabaki nini baada ya nyie kuondoka

Tablet nyumba isiyo na umeme. Mtoto wa mbwa nyumba ya kupanga chumba kimoja. Baiskeli ya laki tatu kwa mtoto mmoja na ndugu zake wanne wanaangalia. Fikiria mwezi wa tatu baada ya furaha, nani analipa bando, nani analisha, nani anapigwa kwa ajili ya hicho kitu.

Kuna mmoja wa Singida aliomba mbuzi. Mbuzi! Tukacheka afu tukaona ndo ombi la akili kuliko yote, mbuzi jike alinunuliwa huko huko kwao, yuko kwa bibi, na mjomba alikuwa anatuma picha yake WhatsApp kila Jumapili mpaka mtoto aliporuhusiwa. Alikuta wameshakuwa wawili.

5. Hela

Fupi tu. Mtu mmoja anapokea michango, mwingine anaandika, na kila shilingi inasomwa kwenye grupu. Usichangishe kwa picha ya mtoto mwenye mirija puani, kama watu wako hawachangi bila kuona mirija basi punguza ukubwa wa jambo. Weka akiba ya teksi ya kurudi haraka, hiyo hela haiguswi. Na usimpe mama bahasha mbele za watu wengine wodini, unamtengenezea maadui.

Maombi mengi ni ya bei ndogo kuliko unavyodhani. Ghali ni muda wako.

6. Nenda mwenyewe kwanza

Ya pili tuliyovuruga ni hii. Mtoto wa miaka 8 kutoka huko Kondoa, ombi lake kuona bahari, alisema anataka aone kama kweli haina mwisho. Rahisi eh? Uko Dar, bahari iko hapo. Tukapanga Jumamosi saa nne asubuhi jua halijawa kali, daktari karuhusu, gari tumepata, mtoto kavaa shati jipya. Tunafika ufukweni, maji hakuna. Matope, mwani, mitumbwi imelala ubavu, na akina mama wanaokota vitu huko mbali. Akaniangalia akaniuliza "anti, bahari imeenda wapi?"

Ilikuwa bamvua. Mtu yeyote wa pwani angetuambia: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanajaa sana na kukupwa sana, na pwani yetu hii siku hizo ukienda kwenye saa nne, saa tano asubuhi unakuta yametoka mbali kabisa, yanakuja kujaa jioni kwenye saa kumi. Na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Wavuvi wote wanajua, mimi nimekaa Dar miaka ishirini sijui.

Tulichofanya, tukaingia naye garini mpaka Kivukoni tukapanda pantoni ya kwenda Kigamboni, shilingi 200 kichwa. Tulisubiri abiria wengi washuke ndo tukasimama naye pembeni, maski usoni, kashika chuma kwa mikono miwili, upande ule wa kutokea nje akaona maji yanaenda mpaka yanakutana na mbingu. Hakusema kitu. Kufika ng'ambo akasema turudi tena, tukarudi, akasema tena. Tulivuka mara nne kwa hela ambayo haifiki bei ya soda zetu. Nashukuru Mungu ila ilikuwa bahati, sio mpango.

Kwa hiyo nenda siku kama hiyo, saa kama hiyo. Hesabu ngazi. Angalia choo kiko wapi na kama ni kisafi. Kivuli kipo? Gari linasimama wapi? Ukimaliza hapo ndo unamwambia mama tarehe.

7. Ukihitaji mlango mkubwa ufunguliwe

Kuna anayetaka kukaa kwenye gari la zimamoto, anayetaka kumshika mkono mchezaji wa Simba au Yanga (na wewe ukiwa wa timu ya pili usijaribu kumgeuza mtoto, ni dhambi hiyo). Hawa wanafikika. Andika barua ya ukurasa mmoja: mtoto wa miaka mingapi, anaomba nini, dakika ngapi, atakuja na nani, tarehe mbili. Ugonjwa wake usiutaje kwa jina, andika tu anapona baada ya matibabu ya muda mrefu. Peleka kwa mkono, chukua jina la aliyeipokea, rudi baada ya wiki. Wape wiki tatu. Na tafadhali zimamoto usiwapigie 114, hiyo ni ya moto.

Wakikubali mara nyingi watakuja na hoja ya bango na waandishi. Waambie kwa heshima kwamba mama ndo mwenye uamuzi, na mama umeshaongea naye kabla. Wengi wanaelewa. Wasioelewa waache.

8. Usiahidi

Mtoto ukimwambia kesho, ni kesho. Wiki ijayo kwake hakuna. Mpaka gari liwe na mafuta na damu iwe imesomwa, neno lako ni "tunalifanyia kazi". Anaambiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, na anaambiwa hatua zote, tutatoka saa fulani, tutapanda hiki, hakuna sindano, tutarudi kabla ya dawa za jioni. Watu wanapenda sapraizi, lakini huyu mtoto sapraizi za hospitali zimemtosha.

9. Siku yenyewe

Aliye na mafua abaki nyumbani hata kama ndiye aliyechanga nyingi. Vivyo hivyo aliye na mtoto mwenye tetekuwanga au surua nyumbani, hayo magonjwa kwa mtoto aliye kwenye kemo yanaua. Watu watatu wanatosha: mama, mmoja wa kubeba mkoba, mmoja wa simu na usafiri. Mkobani: dawa zake na muda ulioandikwa, kipimajoto, maski, sanitaiza, maji, chakula chake, kanga mbili, nguo ya kubadili, mfuko wa kutapikia, kadi ya hospitali. Na chakula cha mama, huwa anasahaulika, anazunguka siku nzima na chai ya saa kumi na mbili.

Fupisha. Masaa mawili matatu yanatosha. Sisi ndefu kuliko zote ilikuwa ya kijana wa miaka 7 aliyetaka kupanda treni ya umeme ya SGR mpaka mwisho. Mwisho wakati huo ni Dodoma, safari za abiria zilifika huko Julai 2024, daktari akasema Dodoma hapana, Morogoro kwenda na kurudi siku moja sawa. Nikamwambia. Akaniuliza Morogoro ndo mwisho? Nikamjibu ni mwisho wa leo. Akafikiria, akakubali, ila akasema Dodoma anadai.

Tumekata tiketi, nauli ya kawaida ya mtu mzima ilipoanza ilikuwa 13,000, tumemkalisha dirishani. Treni ikatoka, ile inaweza kufika kilomita 160 kwa saa, na yeye paji la uso limegandana na kioo anahesabu nguzo za umeme kwa sauti, abiria wote wanasikia, kumi na mbili, kumi na tatu, mzee mmoja wa siti ya nyuma akaanza kuhesabu naye. Alifika sitini na tatu. Akalala. Alilala mpaka Morogoro, tukamshusha kalala begani, tukala naye nusu usingizi, tukapanda kurudi akalala tena kuanzia Ngerengere. Sisi tukawa tunaangaliana roho zinauma, hela yote ile na kalala! Kufika wodini anamsimulia sista nguzo zilivyokuwa zinakimbia, hajui kama amekosa kitu. Damu yake ilikuwa bado inajijenga, mwili unachoka, msimwamshe.

Halafu kurudi wodini. Hili watu hawalifikirii. Mnarudi na maputo, keki, makelele, na kitanda cha tatu kuna mtoto ambaye leo kapewa majibu mabaya, mama yake kajifunika kanga. Rudini kimya. Kama mna kitu cha kugawa kiwe cha watoto wote na sista ndo agawe kwa muda wake. Maputo yabaki garini.

10. Picha

Piga chache, na simu moja tu ndo ipige. Kuposti ni uamuzi wa mzazi, na hata mzazi akikubali jiulize huyu mtoto akiwa kidato cha pili atapenda wenzake waikute hiyo picha ya kipara na mirija? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo sio suala la adabu tu. Mimi napenda za mgongoni, mtoto anaangalia bahari, uso hauonekani.

Ila zisafishe. Picha za kushika mkononi, tano au sita, mpe yeye. Simu ya mama itaibiwa au itaanguka kwenye maji, picha ya karatasi itakaa kwenye begi la nguo miaka.

Hali ikibadilika katikati

Itatokea. Mnapanga, kipimo kinarudi kibaya, au ugonjwa unarudi. Usipotee, na usiseme "ukipona tutaenda" kana kwamba ni mshahara wa kupona. Sogeza tarehe na umwambie yeye mwenyewe kwa nini, kwa maneno yake. Na kama madaktari wanaongea kwa ile sauti ya chini, fanya toleo dogo leo leo, jioni hii.

Huko Marekani hii kitu ilianza hivyo. Arizona mwaka 1980 kulikuwa na mtoto wa miaka 7 anaitwa Chris Greicius, ana leukemia, yaani kansa ya damu, ndoto yake kuwa polisi. Watu wazima waliomzunguka wangeweza kusema ngoja apate nguvu. Hawakusubiri: wakampandisha helikopta ya polisi, akaapishwa kuwa askari wa heshima tarehe 29 Aprili, kisha akashonewa sare ya kipimo chake. Tarehe 3 Mei akafariki. Waliofanya ile kazi ndo wakaanzisha Make-A-Wish, shirika la kutimiza maombi ya watoto wagonjwa. Siku hizi watoto wengi wanaotimiziwa na hao watu wanapona na kukua, wala sio wa kuagwa, mwaka 2013 mji wa San Francisco ulijaa maelfu ya watu kwa ajili ya mtoto wa miaka 5 aliyekuwa ameshamaliza matibabu ya leukemia na anataka kuwa Batman, yule shujaa wa sinema, siku moja. Sisi hatuna helikopta, tuna pantoni. Lakini zile siku nne huwa nazikumbuka kila mtu akiniambia tusubiri mwisho wa mwezi.

Baadae

Piga simu baada ya wiki. Baada ya mwezi. Muulize mama kliniki ya kurudi ni lini na kama nauli ipo, maana watoto wengi wanaopona wanapotelea hapo, safari ya basi masaa kumi na nne kwa ajili ya kipimo na mtoto anaonekana mzima, familia inaona haina haja. Mara nyingine nauli ya kliniki ndo ombi lenyewe na hakuna aliyelitamka. Usiwe na ratiba kali, ila usiwe mtu wa siku moja.

Yule wa Nzega nywele zilishikika mwezi wa saba baada ya kemo. Alikuwa kaja kliniki. Msusi mmoja jirani yangu alikuja nyumbani, mikono kaosha mpaka kwenye viwiko, hakuweka rasta wala uzi kwa sababu ngozi bado changa, akasuka kwa nywele zake mwenyewe, mistari minane, myembamba kama njia za sisimizi, inakwisha kabla hata haijafika kisogoni. Ilichukua dakika arobaini, na mtoto kakaa katikati ya miguu yake hajatikisika. Akaomba kioo. Akaomba kioo cha pili aone nyuma.

Shule zilipofunguliwa mama yake akanipigia, nikaogopa kuuliza. Akasema ameshanyolewa dada, mwalimu wa zamu kawanyoa wote siku ya kwanza. Nikamuuliza amelia? Akasema alie nini, anawaonyesha wenzake picha, na wote wana vipara.